Katuni ya zamani uliyoipenda utotoni: ipime hivi kabla hujawawekea watoto

Kwa miaka kama kumi na tano hivi niliamini kabisa kwamba kwenye The Lion King yule baba simba anamkalisha mwanae usiku, anamwonyesha nyota, af anamwambia "mwanangu, mimi nikifa usije ukauza shamba". Nilikuwa na uhakika nayo kama jina langu. Niliiona, au niseme niliisikia zaidi kuliko kuiona, Mwanjelwa hapa Mbeya, mwaka 2001 au 2002, kwenye banda la video la mabanzi, kiingilio shilingi 50 na mi mara nyingi sina, kwahiyo nasimama nje jicho kwenye upenyo na masikio yote kwa mtafsiri, kaka mmoja wa mtaani mwenye maiki na sauti nzito aliyekuwa anawatafsiria watu muvi palepale huku inaendelea. Miaka imeenda, nimekuwa shangazi mtu mzima, nikapata kopi safi, nikakaa kuiangalia hapa kwangu Uyole. Hakuna shamba. Baba anaongelea wafalme wa zamani kwamba wako juu kwenye nyota wanatuangalia, basi. Nilirudisha nyuma mara tatu nikidhani labda nilisinzia.

Nakusimulia hiki kituko maana ndo shida ya kwanza ya kupima katuni ya zamani, unakuwa huipimi muvi, unapima utoto wako, njaa yako ya siku ile, na nani alikuwa amekaa pembeni yako. Sasaivi Jumamosi jioni nakusanya watoto wa ndugu na wa majirani sebuleni, hasa kipindi hiki cha baridi ya Juni na Julai ambayo mtu wa Mbeya hahitaji kuelezewa, kuna kaprojekta kadogo, shuka jeupe ukutani, viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa, na nimechemka kwenye kuchagua muvi mara nyingi tu mpaka nikapata utaratibu wangu. Nitautumia mfano wa hiyohiyo The Lion King kwasababu karibu kila mtu anaijua au anadhani anaijua.

Kopi kwanza

Huku muvi nyingi bado tunawekewa kwenye flashi, unampa jamaa flashi unamwambia nataka za watoto, anakumiminia ishirini kwa mpigo. Ukifika nyumbani usiamini jina la faili, angalia urefu. The Lion King ya mwaka 1994, ile ya kuchorwa, ni dakika 88 hivi. Ile ya 2019 ya kompyuta, ambayo simba wanaonekana kama wa kweli kabisa, ni dakika 118. Mara ya kwanza nilijaza watoto tisa sebuleni, nimeipigia debe wiki nzima, nabonyeza inakuja ya 2019. Stori ni ileile ila sura za wanyama hazinuni wala hazicheki, mnyama anafiwa na uso wake uko kama anangoja daladala, na mtoto wa jirani akaniuliza kwa upole tu, shangazi hiki ni kipindi cha wanyama? Sikuwa na jibu.

Ukikuta dakika ni pungufu sana jua kuna mahali pamekatwa. Na lile jua linalochomoza mwanzoni kabisa liangalie vizuri, kama limekuwa yai badala ya duara basi picha imevutwa, karekebishe kwenye mipangilio ya runinga kabla hujaanza kulaumu wachoraji wa watu.

Kaa nayo peke yako, tena mara mbili

Mara ya kwanza iangalie mwenyewe watoto wakiwa shule au wamelala. Chukua daftari, na usiandike maoni, andika dakika. Kila mkono wako unapoenda kwenye simu, andika ni dakika ya ngapi. Kila unapocheka bila kujitayarisha, andika. Kila unapojikuta unasema "aaah hapa nilipapenda sana zamani", andika pia lakini weka alama ya kuuliza, maana hapo ni wewe wa zamani ndo anaongea na yule hana kazi ya kupima leo.

Mara ya pili zima sauti. Najua inachosha, fanya hata dakika ishirini tu. Katuni nzuri inatakiwa ieleweke ikiwa bubu, sababu mtoto wa miaka minne wa huku Kiingereza hajui na maandishi ya chini hawezi kusoma, kwake hiyo muvi ni bubu tu hata ukiweka subufa. Jaribu na mwanzo wa The Lion King: karibu dakika nne nzima hakuna mtu anayeongea, jua linatoka, wanyama wanakusanyika, mtoto anainuliwa juu ya jabali, wote wanainama, giza, jina la muvi. Umeshaelewa mfalme ni nani, mrithi ni nani, na kwamba kuna nchi nzima inayomtegemea. Kisha mtu wa kwanza kuongea ni adui, na anaingia akiwa anamchezea panya mdogo kwenye kucha zake. Hujaambiwa bado kwamba ni mkatili, umemwona.

Kipande kingine cha kuangalia bila sauti ni pale Simba, yule mtoto wa mfalme, amekosea, ameenda kwenye makaburi ya tembo alikokatazwa, baba anamwita. Anatembea kichwa chini anaenda kusemwa, anakanyaga, anaangalia chini, mguu wake umeingia ndani ya alama ya mguu wa baba na umepotea humo kama punje kwenye bakuli. Ni sekunde chache sana na hakuna neno. Niliwawekea watoto hicho kipande kikiwa bubu nikawauliza wameona nini, mpwa wangu wa miaka mitano akasema "mguu wa baba mkubwa", akanyamaza kidogo, akasema "ye bado". Sasa hapo mimi niongeze nini.

Ukiwa hapohapo angalia na uchoraji, na usitishwe na neno uchoraji, huhitaji kusomea. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, zidisha kwa sekunde zote za dakika 88 uone ni picha laki moja na ishirini na kitu elfu. Swali lako ni moja, hicho kiumbe kina uzito? Simama kwenye kipande chochote simba mkubwa anatembea, uone mabega yanavyopanda na kushuka, uone kama miguu inashika ardhi au inateleza kama kikaragosi. Af nenda kwenye ule mkimbio wa nyumbu bondeni. Kile ni kipande cha dakika mbili na nusu hivi na kiliwachukua zaidi ya miaka miwili kukitengeneza, maana nyumbu walitengenezwa kwa kompyuta ili mamia wakimbie pamoja bila kugongana, wakachanganywa na michoro ya mkono. Ukisimamisha picha unaweza kuona nyumbu na Simba hawajatoka mkono mmoja. Ikiwa inatembea huoni. Hicho ndo kipimo changu cha ufundi wa zamani: siyo kama unaonekana wa zamani, ni kama unaukumbuka huo uzamani katikati ya kipande chenyewe. Toy Story ya 1995, muvi ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta, ngozi za watu mle ndani ni kama ndoo ya plastiki, na mbwa ndo usiseme, lakini baada ya dakika kumi nilisahau kabisa.

Adui, majina, na hiki Kiswahili chao

Pima muvi kwa adui wake. Stelingi karibu zote wanafanana, ila adui mvivu anaua muvi. Scar, yule adui wa panya, ambaye ni ndugu wa mfalme, ana akili, ana wivu unaoeleweka, anaongea taratibu, na anamfanya Simba mdogo aamini kwamba ni yeye Simba mwenyewe ndo kaua baba yake. Hilo la mwisho ni zito kuliko makucha yote mle ndani. Wale fisi wanapopita kwa gwaride mbele yake, watengenezaji walichukua mfano wa magwaride ya Wanazi wa Hitler, mtoto hawezi kulijua hilo na hahitaji, mwili wake unajua tu kwamba hapa kuna kitu kibaya, nimeona wanavyosogeleana kwenye mkeka.

Kuhusu majina, hapa sisi tuna faida ambayo mkaguzi wa Marekani hana. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, yule ngiri Pumbaa amepumbaa kweli, sawa. Lakini kiongozi wa fisi anaitwa Shenzi. Kwenye muvi ya familia! Bibi yangu alikuwa amekaa pale na kikombe chake, aliposikia mara ya pili akauliza huyo anayetukanwa ni nani. Ilibidi nieleze kwamba ni jina, akasema mama yake alikosea. Na "hakuna matata" nayo watoto wanaicheka, sisi tunasema hamna shida au hamna noma, matata unaiona kwenye fulana za watalii. Silihesabu kama kosa kubwa, nalihesabu kama harufu, unajua tu kwamba mtu aliyeandika aliazima maneno ya jirani na hakurudi kuuliza. Ila kuna moja nilikosea mimi: ule wimbo wa kuanzia, kwa miaka yote nilidhani ni makelele ya kubuni ya "Kiafrika". Ni Kizulu safi, unaanza na sauti ya Lebo M wa Afrika Kusini, na lile neno "ingonyama" ndo simba mwenyewe. Kwahiyo kabla hujasema hawa wamebuni, hakikisha siyo wewe ndo hujui.

Nyimbo zipime kwa swali hili, ukiutoa huu wimbo stori inakatika? Wa mwanzo ukiutoa inakatika. Wa Scar na fisi inakatika. Ule wa mapenzi, ambao ndo ulichukua tuzo ya Oscar, mi naona ukiutoa haikatiki sana, na nina ushahidi wa kisayansi wa sebuleni: ndo muda ambao watoto wanne kati ya tisa walienda kukojoa.

Mambo ya wanyama wa kweli

Usipime katuni kwa kitabu cha baiolojia, lakini sisi tuna Ruaha hapo, kilomita kama 130 tu kutoka Iringa mjini, watoto wengine wameenda na shule, lazima watauliza. Jitayarishe. Simba wa kweli, majike ndo wanafanya kazi kubwa ya kuwinda. Dume kijana kufukuzwa nyumbani ni kweli kabisa, akifika miaka miwili au mitatu anaondoka, sema si kwasababu ya huzuni. Dume jipya likiteka kundi huwa linaua watoto wa dume la zamani, hilo ukiulizwa jibu kwa umri wa aliyeuliza. Na fisi madoa wanaongozwa na jike, kwahiyo Shenzi kuwa bosi wa fisi, pamoja na jina lake, hapo muvi imepatia.

Kilichonikaa kichwani ni swali la binti wa miaka nane. Fisi wanafukuzwa kwenye nchi nzuri, wanaishi kwenye mifupa, na tunatakiwa tufurahi wakishindwa. Akauliza, "kwani fisi wakale wapi?" Nikataka kumjibu kwamba wao ni waovu, nikajishtukia, maana hata hadithi zetu za sungura na fisi tulizolishwa na mabibi zinamfanya fisi mlafi na mjinga siku zote, kwahiyo siwezi kujifanya Wamarekani ndo wameanza. Wakati fisi wa kweli anawinda chakula chake sehemu kubwa tu. Andika swali kama hilo kwenye daftari. Muvi ikizalisha swali ambalo hata yenyewe haikulitaka, mi naipa pointi, ingawa najua wengine wangeinyang'anya.

Kifo

Hapa usikimbie. Baba anakufa kabla muvi haijafika nusu, na kamera haigeuzi uso. Mtoto anamsukuma, anamvuta sikio, anaomba msaada, hakuna anayekuja, anajiingiza chini ya mkono wa baba analala. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini kwenye kila mkeka wa watoto kumi kuna aliyefiwa, usijidanganye kwamba wako hawamo.

Unachopima siyo kama kinaliza, kuliza ni rahisi, hata kitunguu kinaliza. Pima vitu viwili. Je, muvi inampa mtoto muda wa kukaa na hicho kifo au inamkimbiza kwenye kichekesho? The Lion King inakaa, halafu ndo inaleta wale wachekeshaji wawili, Timon na Pumbaa, na naona wameleta mapema kidogo, ila najua kwanini. Pili, baadaye muvi inarudi kukilipa? Inarudi, baba anaonekana mawinguni, na Simba anaujua ukweli wa nani aliua. Muvi inayoua mzazi ili tu stelingi apate sababu ya kusafiri, af haimtaji tena mpaka mwisho, mi naitoa kwenye flashi.

Upande wa vitendo: jua dakika yake, na dakika mbili kabla hama kwenye kiti chako uende kukaa chini na watoto. Usiseme chochote. Kuna mmoja wa kwangu, baba yake alifariki mwaka juzi, sitamtaja, alikuja akaweka kichwa kwenye mguu wangu akaendelea kuangalia. Baada ya muvi hakusema kitu. Siku ya pili asubuhi nikiwa nakwangua karoti ananiuliza, "shangazi, Simba alikuwa anajua njia ya kurudi muda wote?" Nikasema nadhani alikuwa anajua. Akaenda kucheza.

Sasa walete watoto, na wewe usiangalie muvi

Hii hatua watu wengi wanairuka. Kaa pembeni ya shuka, uso uelekee watoto. Andika dakika ambazo wanaanza kusukumana, dakika wanazoacha kutafuna, na nani anarudia maneno. Wadogo na wakubwa wanachoka sehemu tofauti, ukiona wamechoka wote kwa pamoja hapo ni muvi, siyo watoto. Umeme ukikatika katikati ndo kipimo kizuri kuliko vyote, siku moja ulikatika Simba ndo anarudi nyumbani, watoto wakakaa gizani dakika arobaini wanasimuliana wao kwa wao itaishaje, hakuna aliyeomba kwenda kwao. Muvi nyingine ulikatika, ndani ya dakika tano nilibaki na viazi.

Af subiri wiki. Usiulize "mlijifunza nini", hilo ni swali la mwalimu na watakupa jibu la mwalimu. Angalia wanacheza nini uani. Wangu walicheza nyumbu, wiki nzima, mmoja Simba wengine wote nyumbu, kuku wa jirani wakapata tabu.

Nyingine kwa haraka nilizozipitisha kwa njia hiihii. Snow White ya 1937 rangi zake bado zinanishangaza, lakini binti mwenyewe hafanyi chochote cha maana, na mabinti zangu walimsema waziwazi. Pinocchio ya 1940 ina kipande cha watoto kugeuka punda ambacho kilimnyima usingizi mvulana wa miaka kumi anayejifanya haogopi kitu, wekea wakubwa tu, na kuna watoto wanavuta sigara mle, ujue. Kirikou ya 1998, ya Mfaransa Michel Ocelot, kijiji cha Afrika Magharibi, muziki wa Youssou N'Dour, watu vifua wazi kama desturi ya stori yenyewe inavyotaka. Nilikuwa naogopa bibi atasemaje. Akaangalia, akasema hata sisi zamani ilikuwa hivyohivyo, akaomba aongezewe chai. Ile niliipa nafasi ya juu kuliko The Lion King na bado nabishana na kaka yangu.

Mwisho wa kazi usitoe nyota. Andika mistari mitatu kwenye daftari: umri gani unaifaa, dakika gani usogee karibu na watoto, na kama ungeiangalia tena siku ambayo hakuna mtoto yeyote ndani ya nyumba. Mstari wa tatu ndo mgumu. The Lion King niliandika ndiyo, ila mpaka pale wanapoanza kula wadudu, af niruke niende kwenye mvua ya mwisho.

Lile la shamba nilikuja kulimaliza mwaka jana. Yule mtafsiri yupo, anauza spea za pikipiki hapohapo Mwanjelwa, sauti ileile, nilimtambua anabishania bei ya cheni. Nikamwuliza, kaka, ule usiku wa nyota, shamba ulilitoa wapi? Akacheka sana. Kumbe Kiingereza alikuwa hakijui hata kidogo, muvi nzima alikuwa anaitafsiri kwa kuangalia midomo na macho ya wanyama. Nikamwambia lakini mbona kwingine kote ulipatia, nimehakiki. Akasema kwingine kote picha zinaongea, ila pale kwenye nyota kaseti ilikuwa imeharibika, inaleta chenga tupu dakika nzima, watu wameshalipa hamsini zao, na mwezi huo baba yake mzazi alikuwa na kesi ya shamba.